Mabawa marefu ya turbini za upepo na kompositi zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mabawa ya mita 60 kwenda juu, hasa yale yanayofungwa baharini. Kompositi ni nyenzo ya nyuzi zilizofungwa ndani ya resini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda; nikisema fiba tu, nina maana ya ile ya nyuzi za kioo. Bawa dogo la kuchajia betri ya nyumbani lina mambo yake, na mengi ya hapa halihitaji.

Kwa nini lisitengenezwe kwa chuma?

Lilishatengenezwa. Mwaka 1941, kwenye kilima cha Grandpa's Knob huko Vermont, Marekani, ulisimikwa mtambo wa Smith-Putnam wa megawati 1.25. Ulikuwa na mabawa mawili ya chuma cha pua, kila moja tani 8 hivi. Tarehe 26 Machi 1945 bawa moja lilikatika karibu na shina likarushwa. Nyufa zilikuwa zimeshaonekana pale pale kabla ya hapo, ila kulikuwa na vita na vifaa vya kulijenga upya vilikuwa adimu.

Watu wengi hudhani fiba ilichukua nafasi ya chuma kwa sababu ni kakamavu zaidi kwa kila kilo. Piga hesabu uone. Chuma kina ukakamavu wa gigapaskali 210 na densiti 7.85, alumini 70 kwa 2.7, nyuzi za kioo 72 kwa 2.6. Ukigawa, zote tatu zinaangukia kati ya 26 na 28. Ukishachanganya kioo na resini, fiba inabaki hata nyuma ya chuma.

Siri iko kwenye kupinda. Bawa ni boriti iliyoshikwa upande mmoja. Ukiwa na kilo zilezile, nyenzo nyepesi inakupa unene mkubwa zaidi, na unene ndio unaozuia boriti kupinda. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni kipeuo cha pili cha ukakamavu kikigawanywa kwa densiti. Chuma kinapata 1.8. Fiba yenye nyuzi zilizolala upande mmoja inapata 3.3 hivi. Kaboni inapita 7. Mbao ya msonobari nayo inakaribia 6, na ndiyo maana mabawa ya mbao na epoksi (aina ya resini) yalitengenezwa Uingereza kwa miaka mingi na hayakuwa mzaha.

Halafu kuna uchovu, yaani nyenzo kuharibika kwa kurudiarudia mzigo hata kama mzigo wenyewe ni mdogo. Hapo fiba iliyolazwa vizuri ni mvumilivu kuliko viungo vya chuma vilivyochomelewa. Ulrich Hütter alifunga mabawa ya fiba kwenye mtambo wake wa W-34 huko Stötten, Ujerumani, mwaka 1957, na njia aliyoitumia kushikiza nyuzi kwenye shina ilikuja kuigwa Denmark miaka ya 1970.

Ndani ya bawa kuna nini?

Kwa sehemu kubwa ni uwazi. Ukilikata katikati utaona maganda mawili, la upande wa upepo na la upande wa pili, yamegandishwa kwa gundi kwenye ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Kwenye kila ganda unapita mkanda mkuu: matabaka mengi ya nyuzi zinazokwenda kutoka shina hadi karibu na ncha. Mikanda hiyo miwili ndiyo inayobeba kupinda. Kati yake kuna kuta za ndani, moja au mbili, zinazoifanya isisogeleane wala isipishane. Sehemu iliyobaki ya ganda, ile pana iliyo nyuma ya mkanda, ni ngozi mbili nyembamba za fiba zenye kiini chepesi katikati.

Shina ni duara nene la fiba lenye bolti nyingi za kulifunga kwenye kitovu.

Kinachochosha bawa ni upepo au uzito wake?

Kwa bawa fupi ni upepo. Kadiri linavyorefuka, uzito unachukua zamu.

Upepo hulisukuma bawa kuelekea mnara. Uzito hufanya kazi kwa njia nyingine. Bawa likiwa limelala kulia, mvutano wa dunia unaukandamiza ukingo mmoja na kuuvuta mwingine. Likifika kushoto, mambo yanageuka. Kila mzunguko mmoja ni mvuto na mkandamizo kamili. Rotori, yaani kitovu pamoja na mabawa yake, yenye kipenyo cha mita 240 inazunguka kama mara 7.5 kwa dakika. Kwa mwaka ni karibu mizunguko milioni 4, na kwa miaka 25 inakaribia milioni 100, toa muda ambao mtambo umesimama. 

Ndiyo maana ukingo wa nyuma, ambao mwanafunzi huuchora kama mstari tu, huwekewa matabaka yake ya ziada ya nyuzi.

Urefu ukizidi mara mbili, uzito unazidi mara ngapi?

Ukikuza kila kipimo kwa uwiano uleule, mara nane. Umeme unaoweza kuvuna unazidi mara nne tu, kwa kuwa eneo la duara linafuata urefu kwa kipeo cha pili. Ukiishia hapo, mabawa marefu yalipaswa kuwa hasara tupu.

Sasa tazama michoro miwili ya wazi inayotumiwa na watafiti duniani kote. Bawa la mtambo wa mfano wa NREL, maabara ya nishati jadidifu ya Marekani, wa megawati 5 lina mita 61.5 na tani 17.7. Lile la mtambo wa mfano wa IEA, Shirika la Kimataifa la Nishati, wa megawati 15, uliotolewa mwaka 2020, lina mita 117 na tani 65. Kwa kanuni ya kukuza tu lingefika tani 122. Karibu nusu ya uzito imeyeyuka, na swali linalofuata linaonyesha inavyoyeyuka.

Uzito unapunguzwaje? Tupeni mfano halisi.

Mfano bora ninaoujua ni wa Sandia, maabara ya taifa ya Marekani iliyoko Albuquerque, New Mexico. Kuanzia mwaka 2011 walichora bawa la mita 100 kwa mtambo wa megawati 13.2, wakalitoa hadharani, kisha wakalichora upya mara tatu. Uzuri wake ni kwamba kila mara walibadilisha jambo moja kubwa, kwa hiyo unaona kila hatua imeokoa nini.

Toleo la kwanza lilikuwa la fiba ya kioo tupu. Lilikuja na tani 114. Kilicholitesa hakikuwa kuvunjika. Paneli pana za nyuma ya mkanda zilikuwa zinabonyea na kukunjamana chini ya mkandamizo, hata ikabidi waongeze ukuta wa ndani wa tatu. Nyongeza hiyo nayo ni uzito, na uzito unaongeza uchovu wa ukingo wa nyuma, nao unadai matabaka zaidi. Mchoraji akiingia kwenye mzunguko huo kutoka ni kazi.

Toleo la pili waliweka kaboni kwenye mikanda mikuu peke yake. Tani 74. Yaani kubadilisha sehemu moja ya bawa kumeondoa tani 40, kwa sababu mkanda ukipungua uzito kila kitu kilichokuwa kinaubeba kinapungua pia.

La tatu liligusa viini. Badala ya kujaza kiini cha aina moja kila mahali, waliweka balsa pale ambapo kubonyea ni hatari kweli na povu jepesi kwingine. Tani 59. Ukiwa na haraka hutalipa uzito swali la kiini, lakini hapa limeokoa tani 15.

La nne lilibadilisha umbo. Bawa lilifanywa jembamba zaidi, na sehemu ya karibu na shina ikapewa ukingo wa nyuma uliokatwa bapa badala ya kuchongoka. Ukingo bapa unafupisha upana wa zile paneli korofi bila kupunguza unene wa bawa. Tani 49 na nusu.

Kutoka 114 hadi 49 na nusu, urefu uleule, mtambo uleule. Kwa maoni yangu toleo la nne ndilo la kusomwa kwa makini kuliko yote, maana linaonyesha kwamba umbo la hewa na matabaka ya fiba hayachorwi na watu wawili wasioongea. Mtaalamu wa hewa akidai bawa jembamba mno kwa ajili ya ufanisi, mwenzake wa kompositi atamrudishia bili ya kaboni.

Kama kaboni ni nzuri hivyo, kwa nini bawa zima lisiwe la kaboni?

Bei kwanza. Kwa kilo, kaboni ni ghali mara kadhaa kuliko kioo, na kwenye ngozi za paneli ukakamavu wake haulipi: pale kinachotakiwa ni unene, na kiini kinakupa unene kwa bei ndogo.

Pili, kaboni haisamehe. Nguvu yake ya kuvutwa ni kubwa, lakini ikikandamizwa inategemea nyuzi kunyooka. Kikunyanzi kidogo ambacho fiba ya kioo ingekivumilia kinaweza kushusha nguvu ya kaboni vibaya sana. Ndiyo maana viwanda vingi sasa havilazi vitambaa vya kaboni kwenye kalibu. Vinatumia mbao ndefu za kaboni zilizokwisha kukauka: nyuzi huvutwa moja kwa moja kupitia bafu la resini na kalibu yenye joto, zikatoka zimenyooka, kisha mbao hizo hupangwa moja juu ya nyingine ndani ya ganda. Watengenezaji wa turbini Vestas ndio walioieneza njia hiyo, na muda wa hataza yao ulipokwisha wengine wakaifuata.

Tatu ni radi, tutaifikia.

Nyuzi zielekee wapi?

Zifuate mzigo. Kwenye mkanda mkuu karibu zote hulala kwa urefu wa bawa. Kwenye ngozi na kuta za ndani huwekwa mshazari, digrii 45 kulia na kushoto, kwa kuwa huko kazi ni kuzuia kujisokota na nguvu za kukata. Shina hupata mchanganyiko.

Kuna ujanja mmoja wa kuvutia. Ukiinamisha nyuzi za mkanda kidogo kutoka kwenye mstari wa bawa, bawa likipinda linajisokota lenyewe. Ukipanga vizuri, dhoruba ikilisukuma linageuza uso wake na kuuachia upepo kidogo, bila mota wala kompyuta. Gharama yake ni kwamba nyuzi zilizoinama zinapoteza sehemu ya ukakamavu wa urefu.

Balsa kutoka Ekuado bado inatumika? Nimesikia inaharibu misitu.

Bado inatumika. Balsa ni mti unaokua upesi ajabu, huvunwa ukiwa na miaka michache tu, na mbao yake ina kilo 150 hivi kwa mita ya ujazo huku ikistahimili mkandamizo kuliko povu nyingi. Ekuado ndiyo muuzaji mkubwa duniani.

Malalamiko yana msingi. Mwaka 2020 China ilikuwa inakimbiza miradi ya upepo kabla ruzuku haijaisha, bei ya balsa ikapanda, na wakataji wakaingia visiwa vya mito ya Amazoni ya Ekuado, hadi maeneo ya wenyeji. Viwanda vilihamia kwa kasi kwenye povu la plastiki ya PET, ambalo linaweza kutengenezwa kwa chupa zilizotumika. Povu ni dhaifu kuliko balsa, lakini halinywi resini nyingi na ubora wake hautegemei mvua ya mwaka fulani. Leo mabawa mengi yana vyote viwili.

Linatengenezwaje kiwandani?

Fundi aliyewahi kutengeneza boti ya fiba Mombasa au Zanzibar atazitambua nyenzo zote mara moja: kioo, resini, hadina (dawa ya kuikausha resini), kalibu iliyopakwa dawa ya kuachia. Tofauti ni namna resini inavyoingia. Kwenye boti hupakwa kwa brashi na rola, tabaka kwa tabaka. Kwenye bawa vitambaa vyote hulazwa vikavu.

Wafanyakazi wanatembea ndani ya kalibu yenye urefu wa uwanja wa mpira, wakikunjua marobota ya kitambaa na kukilainisha kwa viganja, kwa sababu mkunjo unaofunikwa sasa hautaonekana tena. Viini hufuata, vimechongwa na kupewa namba kila kimoja. Juu yake huja kitambaa cha kuachia, wavu wa kusambaza resini, mipira ya kupitishia, halafu karatasi kubwa ya plastiki inayobandikwa pembeni kote kwa utepe wa kunata. Pampu inawashwa. Hewa ikitoka, plastiki inanyonywa na rundo lote linakuwa gumu kama lilivyopangwa.

Hapo pampu hufungwa na watu hutazama geji. Sindano ikishuka, kuna mahali panapovuja, na mtu atapita na kifaa cha kusikiliza mluzi mpaka apapate. Kuivumilia tundu ndogo kwa sababu zamu inaisha ni kukaribisha hewa ndani ya mkanda mkuu. Geji ikitulia, mifereji ya resini hufunguliwa, na unaiona rangi ya kitambaa ikigeuka kutoka nyeupe kuwa ya kung'aa huku mstari wa majimaji ukitambaa taratibu. Mchoraji alipaswa kuwa ameshakadiria utafika wapi na lini. Mistari miwili ikikutana na kuifungia hewa katikati, panabaki doa kavu.

Baada ya hapo ni joto. Epoksi hukaushwa kwa nyuzijoto 70 au 80 hivi, lakini yenyewe pia hutoa joto inapokauka, na kwenye shina lenye unene wa sentimita nyingi joto hilo halina pa kwenda. Resini yenye haraka inaweza kujichoma. Kwa hiyo uchaguzi wa hadina kwa bawa kubwa ni uamuzi wa mchoraji, haubaki kuwa wa duka la kemikali.

Watengenezaji wengine wa turbini, Siemens Gamesa, wana njia yao ya kumimina bawa zima kwa mkupuo mmoja, bila maganda mawili wala mstari wa gundi. Bawa lao la mita 108 linatengenezwa hivyo.

Gundi ina umuhimu gani hasa?

Tarehe 13 Julai 2024 bawa la mita 107 lilivunjika kwenye shamba la upepo la Vineyard Wind, nje ya pwani ya Massachusetts, na vipande vya povu na fiba vikasukumwa hadi fukwe za Nantucket kiangazi kikiwa kimepamba moto. Mtengenezaji, GE Vernova, alieleza kwamba gundi haikuwa imeshika ipasavyo kwenye bawa lililotoka kiwanda cha Gaspé, Kanada, na kwamba ukaguzi wa ubora ulipaswa kulibaini jambo hilo.

Mstari wa gundi ukiwa mnene kupita kiasi hupasuka, ukikosekana mahali maganda huanza kuachana. Na huwezi kuuona kwa macho: umefichwa ndani. Unakaguliwa kwa mawimbi ya sauti, na kukagua ni kazi ya mtu aliyepewa muda wa kukagua.

Linapimwaje kabla ya kuuzwa?

Bawa zima hufungwa kwenye ukuta wa zege, likavutwa kwa kamba na winchi hadi mzigo wa dhoruba kali. Kisha hutikiswa kwa mdundo wake wa asili kwa wiki au miezi ili kubana uchovu wa miaka 20 na zaidi ndani ya mizunguko milioni chache yenye mzigo uliokuzwa. Mwisho huvutwa tena. Vituo vinavyojulikana viko Blyth nchini Uingereza, Bremerhaven nchini Ujerumani na Aalborg nchini Denmark. Viwango vyenyewe ni IEC 61400-23 kwa upimaji na IEC 61400-5 kwa uchoraji.

Kupinda peke yake si kasoro. Ncha ya bawa refu husogea zaidi ya mita 10 kwenye upepo mkali. Kosa ni kuugusa mnara. Ndiyo maana mabawa hutoka kiwandani yameshapindishwa kidogo kuelekea mbele.

Mvua na radi zinaliathiri?

Sana. Ncha ya ule mtambo wa mfano wa megawati 15 hufikia mita 95 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Tone la mvua kwa kasi hiyo hupiga kama nyundo ndogo, na ukingo wa mbele huanza kuchubuka, kisha kutoboka. Kinga ni rangi au utepe wa poliyurethani unaonyumbulika, na bado hubandikwa upya kabla ya maisha ya bawa kwisha.

Radi hupokewa na vifundo vya metali kwenye ncha na kushushwa kwa waya hadi shinani. Kwenye bawa la kioo tupu hiyo inatosha mara nyingi. Kaboni nayo inapitisha umeme, kwa hiyo ikiachwa bila kuunganishwa na waya huo, cheche huruka kati yake na waya, na matabaka huachana.

Mbona Turkana waliweka mabawa mafupi?

Mradi wa Ziwa Turkana nchini Kenya una mitambo 365 ya Vestas ya kilowati 850, rotori ya mita 52, jumla megawati 310. Upepo wa Loiyangalani, mahali mradi ulipo, ni mkali kiasi kwamba rotori ndogo inashiba. Na vyote vilitoka bandari ya Mombasa kwa malori, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, huku kilomita 208 za mwisho kutoka Laisamis zikihitaji barabara kujengwa upya. Bawa la mita 80 ni kipande kimoja kisichokunjika kwenye kona. Kipeto, Kajiado, ambako barabara ni nafuu, walifunga rotori za mita 103.

Mabawa yaliyozeeka yanaenda wapi?

Mengi bado yanazikwa. Epoksi ya kawaida ikishakauka haiyeyuki tena. Ulaya sehemu yake hukatwakatwa na kupelekwa tanuri za saruji: resini inakuwa kuni, kioo kinaingia kwenye saruji. Kaunti ya Cork, Ireland, ilijengwa kivuko cha waenda kwa miguu kwa mabawa yaliyostaafu mwaka 2022; ni kazi nzuri, ila idadi ya vivuko haitafikia idadi ya mabawa.

Linalonipa matumaini zaidi ni kubadilisha resini yenyewe. Siemens Gamesa walizindua mwaka 2021 bawa ambalo resini yake huachana na nyuzi kwenye asidi hafifu yenye joto, na mwaka uliofuata mabawa hayo yalifungwa kwenye shamba la Kaskasi, Ujerumani. Kampuni ya Arkema nayo ina resini iitwayo Elium, inayolainika kwa joto.

Nataka kujifunza kuchora. Nianze na nini?

Pakua faili za mtambo wa mfano wa IEA wa megawati 15 na programu mbili: WISDEM, inayogeuza matabaka kuwa ukakamavu, na OpenFAST, inayoiga mtambo ukiwa kazini. Zote ni bure, na kompyuta ya kawaida inatosha. Fungua jedwali la matabaka, punguza unene wa mkanda mkuu kwa asilimia 10, uendeshe tena, uangalie ncha imesogea kiasi gani kuelekea mnara. Kisha rudisha unene, badilisha kaboni iwe kioo, uone utalazimika kuongeza nini. Kama unataka kushika nyenzo kwa mkono, mimina kipande cha nusu mita kwa ombwe kwenye karakana ya fundi fiba, ukiwa na glovu na barakoa, na ukikate uhesabu vipovu.